Ufunguo wa Akiba Uko Kwangu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeitwa tena. Mara ya tatu tangu gari lije! Nilikuwa nimeinamia mashine, lenzi ya miwani ya mteja imekatwa nusu, simu ikaanza kutetemeka kwenye mfuko wa aproni. Baba. Yuko benki, gari limegoma kufunguka. "Njoo na ule wa kwako." Kama vile niko chumba cha pili.

Nikamwomba bosi ruhusa. Akatazama saa ya ukutani. Akaitazama tena. Nikatoka na aproni yangu hivyo hivyo.

Kumbe ufunguo wake alikuwa nao muda wote, mfuko wa shati — betri ya ufunguo ndiyo iliyokufa. Mlinzi wa benki anacheka: mzee, gari la kisasa hili, halitaki kuchokonolewa, linataka betri. Baba hakucheka. Nikasogea na mkoba wangu, nikagusa mlango, ukafunguka. Watu wakanitazama kama mganga. Sijafanya kitu! Nimesimama tu. Ndiyo kazi niliyopewa na Kaka — kusimama karibu.

Jumatano, 5 Machi

Kaka alilituma hili gari kutoka ng'ambo na funguo mbili. Mmoja wa Baba. Wa pili ulikuja ndani ya bahasha yenye jina langu. Akanipigia: tembea nao popote uendapo, usiutoe kwenye mkoba, wewe si ndiye uliye karibu naye.

Karibu. Neno hilo! Tangu Mama atutoke, mimi ndiye niliye karibu. Dawa, mimi. Bomba likipasuka, mimi. Kaka kanunua gari, mtaa mzima unamwombea maisha marefu. Mimi nabeba plastiki nyeusi, kubwa kama kiberiti, na hakuna anayeniombea hata usingizi.

Leo nimempelekea fundi wa simu ule ufunguo wa Baba aubadilishe betri. Akanionyesha jambo: ubavuni pana kitufe, ukikibonyeza kinachomoka kijiti cha chuma, hicho ndicho cha kufungulia mlango siku betri ikifa. Halafu unaugusisha ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia, gari linawaka. Jioni nikamfundisha Baba. Akakichukua kile chuma, akawa anachomeka pembeni ya tundu. Mara nne. Mara ya tano akanirudishia: "Mambo ya kitoto haya."

Si ya kitoto. Tundu hakuliona.

Jumamosi, 8 Machi

Baba alikuwa mpima ardhi miaka thelathini na mitatu. Mtaani wanamwita Mzee Mstari, kwa sababu mpaka aliouchora hakuna aliyewahi kuupinga. Leo nilikaa pembeni yake tukienda kwa mchonga vitanda. Mwendesha baiskeli alikuwa kushoto kwetu tangu tulipokata kona. Nilimwona, nikadhani Baba naye kamwona. Mpaka nikapiga kelele!

"Katokea wapi huyu?" Baba anauliza.

Hakutokea popote. Alikuwepo.

Miwani yake nimeikata mimi mwenyewe. Nimeipima tena leo mchana dukani. Haina kosa. Basi si miwani.

Jumanne, 11 Machi

Ufunguo wake umepotea kabisa. Tumepekua makochi, debe la takataka, mifuko ya nguo chafu. Anadhani ulidondoka mtaroni alipokuwa anashuka. Sasa umebaki mmoja. Huu wangu.

Akanyoosha mkono. "Lete."

Nikasema tuonane kwanza na daktari wa macho, nimeshapanga Ijumaa. "Nimesema lete." Nikafunga zipu ya mkoba. Nina miaka arobaini na sita na sijawahi kumwambia Baba hapana. Sikuitamka hata leo — zipu ndiyo iliyosema.

Ijumaa, 14 Machi

Presha ya macho. Imekaa muda mrefu, imeshakula pembeni zote. Daktari akanieleza kwa kukunja karatasi kama bomba: baba yako anaona hivi. Cha mbele anakiona vizuri. Cha kando hakipo. Akaandika barua, mstari wa mwisho kaupigia wino mara mbili: asiendeshe chombo chochote.

Baba akaikunja barua mara nne. Kwenye teksi akasema yule daktari ni mtoto mdogo.

Nikampigia Kaka. Nilitegemea anishike mkono. Anasema: usimvunjie mzee heshima, mpe ufunguo awe anaenda hapo dukani tu. Nikamwambia hata njia ya dukani ina watu kando! Kisha: "Sawa. Jukumu lako basi, mimi simo."

Lini alikuwemo?

Alhamisi, 20 Machi

Siku ya sita Baba hasemi nami. Anasema na ukuta: "Huyu anadhani nimekuwa mtoto." Gari linalala nje ya geti, naliendesha mimi Jumamosi tusije tukaua betri. Mtaani tayari wana maneno. Mama wa genge la mboga kaniuliza kwa tabasamu: gari la mzee tamu, eh?

Mkoba wangu siku hizi siuweki chini. Nakwenda nao mpaka chooni.

Jumapili, 23 Machi

Jana sikuweza kuandika.

Nianze tangu mwanzo, bila kujitetea.

Jana tulitoka sokoni, mimi naendesha, Baba pembeni. Nikaegesha nje ya geti kama kawaida. Nikazima. Akasema — maneno ya kwanza baada ya siku nane! — niachie redio, nisikilize taarifa ya habari, wewe peleka vitu ndani. Nilifurahi, Mungu wangu, nilifurahi kwamba amesema nami. Nikamwashia redio. Nikazunguka nyuma kutoa mifuko. Mkoba uko kiti cha nyuma, ufunguo ndani.

Nilipofunga buti nikamkuta amehamia kiti cha dereva. "Hapa kuna upepo." Nikamwacha. Niliona mtu akae hata kwenye kiti chake. Lakini mkoba niliuchukua. Makusudi! Nilijiambia, ufunguo nikiondoka nao, hili ni kabati lenye redio.

Sikujua kwamba nilipokuwa nyuma alishaliwasha. Gari lenyewe halingurumi, linanong'ona, na redio ilikuwa juu.

Nikafika mlangoni. Nikasikia vilio vidogo, tii, tii, tii. Nikageuka. Gari linaondoka.

Likishawaka haliulizi tena ufunguo uko wapi. Linalia kidogo kwamba haliuoni, basi, linaendelea na safari. Hakuna aliyeniambia. Gari la zamani ungechomoa ufunguo, likafa hapo hapo.

Nikatupa mifuko, nikakimbia. Mwisho wa mtaa, kushoto, pana baraza ya fundi cherehani. Huwa anahamisha mashine mpaka ukingoni kufuata kivuli. Kushoto! Sikuona likigonga. Nilisikia bati.

Nilipofika, gurudumu lilikuwa limepanda baraza, cherehani imebanwa ukutani, na mguu wa Fundi uko katikati. Baba ameshazima gari. Mtu yeyote angezima. Na likishazima bila ufunguo, haliwaki tena. Gia imejifunga. Wanaume saba wanasukuma, halisogei, wengine wanajaribu kulinyanyua, Fundi anapiga kelele wasilitikise. Mtu anamfokea Baba: ufunguo uko wapi, mzee? Ufunguo!

Na Baba, akiwa amekaa pale pale, mikono kwenye usukani: "Mimi sina. Anao binti yangu."

Wote wakageuka. Nami huyo nakuja, mkoba kwapani.

Nikamtoa Baba, nikaingia, nikarudisha nyuma. Sauti aliyoitoa Fundi gurudumu liliposhuka sitaiandika.

Mguu umevunjika mara mbili, chini ya goti. Kulia. Ule wa kukanyagia cherehani.

Jumatatu, 24 Machi

Kaka amepiga asubuhi na mapema. Nilidhani ataulizia Fundi anaendeleaje. Aliulizia barua ya daktari, nani mwingine ameiona.

Halafu akashusha sauti. Bima wakijua kwamba mzee alikatazwa kuendesha na bado akaendesha, hawatatoa kitu, na mzee atafikishwa mahakamani kwa umri ule. "Lakini mdogo wangu, watu wamekuona wewe pia kwenye usukani, na wa mtaani hawatamsema mzee. Ufunguo ulikuwa kwako. Leseni yako ni safi. Sema ulikuwa wewe."

Aliitamka kama mtu anayekuomba ufunge dirisha.

Nikamuuliza, na wakinifunga mimi? "Hawafungi mtu kwa ajali ndogo." Ndogo! Na wakinipokonya leseni? "Wewe huna gari."

Jumanne, 25 Machi

Nimekwenda hospitali. Wodi ya mifupa, kitanda cha dirishani. Kabla sijamfikia Fundi, mkewe kanivuta koridoni. Macho mekundu lakini sauti imetulia, kama mtu aliyekwisha kulia mapema ili aje afanye kazi.

"Dada, sikuombi kwa ubaya. Nimeambiwa wakisema ni mzee, bima haitoi. Sisi tunaishi kwa ule mguu."

Nani kakwambia? Akainama. Amepigiwa simu kutoka ng'ambo. Kaka! Ambaye namba ya fundi bomba nampa kila mwaka na kila mwaka anaipoteza, hii ya mke wa Fundi kaipata kwa siku moja.

Nikaingia. Fundi anatazama dari. Nikamwambia pole mpaka neno likaisha maana. Kisha nikamuuliza — ilibidi nimuulize — kama siku ile alimwona aliyekuwa anaendesha.

"Wewe niambie nilimwona nani, dada," akasema. "Huyo ndiye niliyemwona."

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Jumatano, 26 Machi

Bado tumaini langu lilikuwa moja: Baba mwenyewe. Mtu aliyewahi kurudia kupima kiwanja kizima kwa sababu ya hatua moja. Nikajua nikimwambia wanachonitaka, atapiga meza, atasema mimi ndiye niliyeendesha, nipelekeni.

Nikamweleza yote, Kaka, bima, mke wa Fundi. Alikuwa anakunywa chai. Akamaliza kwanza. Akakitafuta kisahani, akaweka kikombe.

"Kaka yako ana akili," akasema.

Basi.

Tangu Jumamosi hajauliza hata mara moja mguu wa Fundi ukoje.

Alhamisi, 27 Machi

Kituoni, benchi la koridoni. Naandika kwa sababu nisipoandika nitapiga mtu kelele. Bosi kanipa mpaka saa sita. Askari wa trafiki yuko na mtu mwingine, mlango uko wazi, karatasi zetu naziona pale mezani kwake. Mwenye gari imejazwa. Aliyeumia imejazwa. Dereva — patupu.

Sijaamua. Nikisema mimi, Fundi anatibiwa, Baba analala kwake, na mimi ndiye nitakayeitwa yule mwanamke aliyemvunja fundi mguu, mpaka nakufa. Nikisema yeye, nimemfunga baba yangu na nimempokonya Fundi mguu. Kweli yenyewe haina hata mtu mmoja anayeitaka. Labda mimi tu, na mimi nani kaniuliza?

Baba kavaa koti lake la kazini. Kashikilia magoti.

Sasa hivi — sasa hivi! — amesema, kwa sauti ya kutosha hadi ndani:

"Nilikwambia ile kona usiipite kwa mwendo ule. Wewe husikii."

Nimemgeukia. Uso umenyooka. Hakupepesa. Kutwa nafanya kazi ya macho ya watu na haya ya baba yangu siwezi kuyasoma, kama anaigiza au ameshaamini.

Askari kanyanyua kichwa.

Baba amenyoosha mkono wa kushoto kuutafuta wangu. Umepita pembeni, umeangukia benchi. Anapapasa mbao. Mkono wangu uko hapo hapo, kando ya kidole chake. Naendelea kuandika kwa huu mwingine.

Askari anauliza nani aanze kuingia.

Mkono sijausogeza.