Harufu ya lozi Kiwanjani

Jumamosi, mtaa wa Kiwanjani, Isiolo. Jua limewaka tangu asubuhi bila wingu hata moja, na upepo umetia vumbi kwenye kila kikombe ndani ya nyumba. Mama amelalamika mchana kutwa. Mimi nilikuwa nimeiomba siku kama hii.

Niko nyumbani kwa likizo, na mkobani nimebeba unga wa manjano. Huo unga ndio utafiti wangu wa uzamili. Niliutengeneza chuoni Nairobi kwa kuchoma urea, ile ile ya mbolea, halafu nikautenganisha mpaka ukawa vipande vyembamba kama karatasi, ila unene wake ni tabaka chache tu za atomu. Kitu chembamba hivyo karibu chote ni uso. Mwanga ukikipiga kinaamka, kinaanza kugeuza kemikali zilizo karibu yake kuwa kemikali nyingine, na chenyewe hakipungui. Ndiyo maana tunakiita kichocheo.

Chini ya taa ya maabara kinafanya kazi vizuri. Lakini mimi nilitaka jua. Viwanda vya dawa na manukato vinachoma mafuta kila siku kufanya mageuzi ya aina hii, na sisi huku jua tunalikimbia. Msimamizi wangu aliniambia nijaribu, ingawa shaka yake hakuificha. Wiki iliyopita nilijaribu, mawingu yakaingia, nikaambulia patupu.

Halafu kuna hii kazi.

Idara ya maji ya kaunti inataka mtu wa kupima maji ya visima, na ofisi iko hapa hapa mjini. Wanasubiri jibu langu Jumatatu. Nikikubali, masomo nayaacha. Abba alipofushwa na presha ya macho, na nikiwepo ndimi ninayemshika mkono kwenda msikitini. Mama magoti yanamsumbua. Haniambii nisirudi chuoni. Anauliza tu, "Nani atampeleka baba yako kuswali?" Swali hilo nalala nalo.

Kwa hiyo nilijiwekea sharti kimyakimya: jua likishindwa leo, nachukua kazi.

Niliweka chupa tatu ndogo juu ya mabati ya jikoni, zote zina alkoholi ambayo, ikigeuka, inakuwa mafuta yenye harufu ya lozi. Mbili nilizitia unga, na moja kati ya hizo nikaifunga kabisa kwa foili. Ya tatu niliiacha juani bila unga.

"Unapika nini, Rukia?" Abba aliuliza kutoka kivulini.

"Napika na jua, Abba."

Nilimweleza. Akataka kujua kwa nini moja nimeifunga.

"Hiyo haioni mwanga. Nikipata kitu ndani yake, basi si mwanga uliofanya kazi."

Nilitamani kulimeza lile neno "haioni".

Baada ya swala ya alasiri nilizishusha. Nilinusa, nikanusa tena, sikujiamini. Nilikuwa naitaka ile harufu kupita kiasi. Nikamwomba Abba anisaidie, bila kumwambia ipi ni ipi. Nilipepea hewa ya kila chupa kwa kiganja kumwelekea, kwa umbali, kama tunavyofundishwa.

"Hii haina kitu," alisema.

Ya pili pia haikuwa na kitu.

Kwa ya tatu aligeuza uso taratibu. "Hii ni lozi. Ile keki mama yako alileta kutoka Eastleigh wakati wa Idd."

Ilikuwa ile yenye unga, iliyoshinda juani.

Nilicheka, halafu nikajikuta nalia, na Abba akawa anauliza nimeumia wapi.

Lakini sikutaka kumdanganya. Nilimwambia harufu si ushahidi. Pua inajua kitu kipo, haijui ni kiasi gani wala kama ni safi. Lazima kipimwe kwa mashine, na mashine iko chuoni.

"Basi peleka kwa hiyo mashine."

"Na msikitini, Abba?"

"Msikiti utanipoteaje? Adhana si naisikia?"

Alisema hivyo bila hasira, akajipangusa vumbi magotini. Sijui kama ni rahisi kama alivyosema. Njia ina mitaro, na pikipiki haziangalii mtu. Atahitaji mkono wa jirani, na atalazimika kuuomba, yeye ambaye hapendi kuomba. Ila wiki nzima mimi na Mama tumekuwa tukipanga nani atampeleka, kama vile yeye ni mzigo wa kusafirishwa, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza.

Labda kule chuoni mashine itanionyesha kiasi kidogo cha kuchekesha. Nitarudia mpaka kiongezeke.

Jumatatu nitaipigia idara ya maji niwaambie hapana. Mama hajui bado. Nitamwambia kesho asubuhi, akiwa na chai mkononi, kabla Abba hajaniwahi.