Habari za Dabeyl Ndani ya Uzio

Kijijini, nje ya mji,
Garissa.
9 Juni 1967

Mpendwa mdogo wangu Noordin,

Asalaam aleikum warahmatullahi. Hali yako huko Mombasa? Kile kikohozi cha vumbi la bandarini kimekuachia? Mkeo Amino amejifungua salama? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Tumekonda, lakini wazima. Naandika Kiswahili kama kawaida, maana lugha yetu ya Kisomali haina maandishi yake, na isitoshe barua siku hizi hupita mikono mingi. Wacha wasome bila kuhangaika.

Barua yako niliipata kwa dereva wa lori la sukari. Unasema utamtuma mtu aje amchukue Dabeyl, mbwa wako uliyemwacha kwetu, ampeleke kwako kabla hajauawa. Niliisoma nikacheka, kisha nikalia. Hukuniuliza kama nina unga, umeuliza mbwa! Haya, nakujibu habari za mbwa.

Ni mzima. Mtu akikwambia amekonda kwa njaa usiamini. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba saluki, mbwa wa mbio kama huyu, mbavu zake zikijificha ujue unamharibu. Anakula ugali kwa mchuzi wa mifupa, na maziwa siku tukiyapata. Asubuhi mume wangu Ogle humtoa kupe masikioni, chini ya yale manyoya marefu, na kumkagua nyayo kama kuna mwiba. Baridi inampata upesi kwa kuwa hana mafuta mwilini, basi namfunika gunia.

Kinachomuumiza ni miguu kukaa bure. Tangu serikali ilipotuhamishia hapa ndani ya waya kwa sababu ya vita, mbwa akionekana nje ya uzio anapigwa risasi. Unakumbuka Ogle akimwona sungura, anataja jina la Mungu na kumwachilia Dabeyl, na kabla hujameza mate nyama iko chini? Siku hizi mbwa anakimbia kando ya waya, anafika pembeni, anageuka. Akiona digidigi ng'ambo anasimama akitetemeka mwili mzima. Siwezi kumtazama.

Hapo ndipo mama mkwe wangu Raho alipopata neno. Unamjua. Miaka yote hajamgusa mbwa huyo, chombo chake mbali, mkeka wake mbali. Alimvumilia kwa sababu dini imeruhusu mbwa wa kuwinda na mbwa wa kuchunga mifugo. Sasa mawindo hakuna, na mbuzi wake wote walichukuliwa kwenye msako wa askari mwaka jana. Akawa anasema, "Huyu ruhusa yake imekwisha. Mnafuga dhambi." Ogle akaendelea kumtoa mbwa kupe, mama ni mama. Nikamwendea Maalim Jelle anayefundisha watoto Kurani, naye akakuna ndevu tu, akaniambia tuvute subira. Kusema kweli nilikuwa karibu kukuandikia umtume huyo mtu wako.

Ila Raho mwenyewe, walaal, ndugu yangu, hayuko sawa. Tangu mbuzi waondoke, jua likiinama anachukua fimbo yake kwenda langoni kuwarudisha zizini. Anawaita mmoja mmoja kwa majina. Ukimwambia mbuzi hawapo, anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyewaiba. Na lango likishafungwa, askari hupiga risasi, hawaulizi wewe ni bibi wa nani. Mimi niko kwenye foleni ya maji, Ogle yuko mjini akibeba magunia. Nani wa kumlinda?

Ni Dabeyl. Wallahi hakufundishwa na mtu. Raho akielekea langoni, mbwa anamtangulia na kumkingamia njia. Bikizee akizunguka, naye anazunguka. Kwa kuwa Raho hataki kumgusa, humtukana yeye na babu zake wote, mwisho anachoka na kurudi nyumbani. Kila jioni ni hivyo. Tulicheka mpaka tukazoea.

Juzi akaja afisa mgeni kukagua kijiji. Akamwona Dabeyl, mbavu nje, akasema mbwa huyu mgonjwa, huenda ana kichaa, atolewe apigwe risasi. Askari akaishika kamba iliyo shingoni mwa Dabeyl. Ogle akaanza kueleza kwamba mbwa wa aina hii ndivyo alivyoumbwa, hakusikilizwa. Mara Raho huyo, akapita katikati yetu, akajitupa chini akamkumbatia mbwa shingoni kwa mikono miwili, na Dabeyl kwa hofu akawa anamlamba uso mzima. Raho, Noordin! Hata askari alishangaa. Afisa akamuuliza, "Mama, mbwa huyu ana kazi gani hapa?"

Raho akamjibu kwa Kiswahili chake kile cha sokoni, "Mbuzi kwisha. Sasa huyu nachunga mimi."

Afisa akamwambia askari aachie kamba. Wakaenda nyumba ya pili.

Basi Raho akadai maji. Debe letu lote likaishia usoni na mikononi mwake, mara saba, moja kwa udongo, kama sheria ya dini inavyotaka mtu akiguswa na mate ya mbwa. Siku hiyo hatukupika. Na binti yetu Fatumo, ambaye unajua anavyopenda kulalamika, ndiye aliyemmiminia bibi yake.

Sheria haikubadilika kwa ajili ya mbwa wako. Akiwa mkavu, Raho anampapasa. Akilowa, kila mtu na lake. Lakini lile neno la ruhusa halitaji tena. Jua likiinama anajiviringishia kamba mkononi, wanatoka pamoja, wanafika karibu na lango, wanageuka.

Nimefikiri sana, Noordin. Najua mbwa huyu kaumbiwa kukimbia, na hapa hakimbii. Pengine huko kwako angepata nafasi, na kumnyima ni dhuluma. Ukisema aje, sitakuzuia, mbwa ni wako. Ila usitume mtu. Njoo wewe mwenyewe, maana kamba iko mkononi mwa Raho, na mimi siwezi kuifungua.

Msalimu sana Amino, na mtoto umbusu kwa niaba yangu. Ogle na Fatumo wanakusalimu. Maalim Jelle pia anakuombea dua. Mungu akuhifadhini, na atufungulie malango yote kwa heri.

Raho hakutuma salamu. Anaogopa utakuja.

Wako akupendaye,
dada yako Shamis