Wifi kamnyonyesha Haitham

Ummu, uko?

Nimerudi kutoka kwenye mwani, nimemkuta wifi Salhiya anamnyonyesha Haitham. Mwanangu mimi!

Sikutaka kumdhania vibaya. Nikamuuliza polepole, "Alikuwa analia?"

"Kwangu halii."

"Umempa mara ngapi?"

Akacheka. "Kila unapokwenda mwani. Tano zishapita zamani. Ulininyima kumlea, sasa na miye mama yake wa kunyonya. Utafanyaje?"

Tano, Ummu! Sheria ya dini anaijua, kwamba kunyonyesha mara tano kunamfanya mama, alikuwa akihesabu!

Na mume wangu kasimama mlangoni: "Dada yangu huyo, mke wangu. Ubaya uko wapi?"

Nimempokonya mtoto, nimempa ziwa langu. Kageuza uso, anamtafuta yeye.