Friji la Mama Barafu na Mita Yetu Moja

KIKAO CHA SITA CHA WAPANGAJI, Jumapili, kwenye korido mbele ya mita.

Waliohudhuria: Mwalimu Mstaafu (Mwenyekiti), Dobi (Katibu), Mama Barafu, Fundi Saa.
Asiyehudhuria: Mlinzi (alikuwa amelala, katoka zamu).

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA
Kikao kilianza saa kumi na robo badala ya saa kumi, kwa kumsubiri Fundi Saa.

KUMB. NA. 2/6: KIKAO KILICHOPITA
Katibu alisoma uamuzi wa kikao cha tano: kwamba friji la Mama Barafu ndilo linalotumalizia umeme, na aliuze kabla ya mwisho wa mwezi. Mama Barafu aliupinga. "Barafu ndiyo inayosomesha wanangu. Mkilitoa friji mmenitoa na mimi chumbani. Kwani nani alipima?" Ilionekana hakuna aliyepima.

KUMB. NA. 3/6: BEI NAFUU
Mwenyekiti alieleza kwamba ofisi ya serikali inayodhibiti bei ya umeme imeweka bei nafuu kwa mita isiyozidi uniti mia na hamsini kwa mwezi. Sisi ni familia tano kwenye mita moja, hivyo tunahesabiwa mtumiaji mmoja mkubwa. Fundi Saa alisema unafuu umetupita mlangoni bila kubisha hodi.

KUMB. NA. 4/6: KUPIMA
Vyumba vyote vilizimwa, likaachwa friji peke yake kwa robo saa. Taa ya mita, ambayo humweka kadiri umeme unavyoliwa, iliwaka mara thelathini na nane. Ikafuata pasi ya Katibu, ambayo huwaka kutwa. Ilivuka hesabu hiyo kabla shati la kwanza halijakunjwa.

Katibu alisema huenda mita ni mbovu. Hakuungwa mkono. Katibu aliomba jambo hili lisiandikwe. Ombi lilikataliwa.

"Andika, baba," alisema Mama Barafu. "Yangu uliyaandika kwa herufi kubwa."

KUMB. NA. 5/6: MAAZIMIO
Friji libaki. Ofisi ya bei ya umeme iandikiwe barua, unafuu uhesabiwe kwa familia, si kwa mita. Mwenyekiti alipendekeza Katibu aache pasi ya umeme hadi jibu lifike.

Mama Barafu alikataa. Alisema anajua uchungu wa kuambiwa uachane na chombo chako cha kazi. Afadhali wote wavumilie bei ya juu hadi jibu lije. Ilikubaliwa pasi ibaki.

KUMB. NA. 6/6: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa kumi na mbili kasoro dakika tano, kwa saa ya Mwenyekiti.

Uamuzi wa kikao cha tano umefutwa. Katibu anamwomba radhi Mama Barafu, na haya ameyaandika bila kuagizwa na mtu.

Mwenyekiti: (saini)
Katibu: (saini)