Samaki Nimemwachia Etabo

Baba,

Nimechoka, ndiyo maana nakuandikia. Vita bado. Soko la Baraka linafunguliwa siku mbili, linafungwa tatu, nami naendelea kukata mipira ya malori na kutengeneza viatu kana kwamba watu wana pa kwenda. Lori la mwisho lililokufa kwenye barabara ya kupanda Fizi nimelivua magurudumu mimi mwenyewe. Ungenicheka ungeniona nimelala chini yake, nagombana na boliti.

Ninalotaka kukuambia ni habari ya samaki. Kile chuma chako ulichokuwa ukikipasha moto na kuchoma alama ya samaki juu ya soli, kaka Etabo alivuka nacho ziwa siku tulipokimbia. Ulimpa ukamwambia, "Hii iko yako, uichunge." Wote tulidhani ni wiki moja tu, halafu tutarudi. Mimi na wewe tukaishia Ubwari na mfuko wa vipande vya kupimia soli. Na kule homa ilipokubana ukanishika mkono, ukasema, "Kazi iko yako, mutoto wangu." Baba, kwa nini hukusema mbele yetu wote wawili? Nakupenda, lakini kwa hilo nimekukasirikia muda mrefu.

Maana Etabo sasa ana kibanda kambini, ng'ambo ya ziwa, Tanzania, na anachoma samaki kwenye kila kiatu. Mimi niliporudi Baraka nilimwomba mhunzi anitengenezee samaki mwingine, kwa kuwa watu hawakutaka viatu visivyo na alama yako. Etabo akasikia. Akatuma ujumbe kupitia watu wa boti wanaovuka ziwa: samaki ni wa mwenye chuma, na mtoto wa kike harithi alama ya baba yake. Mtoto wa kike. Yeye aliyekuwa akikimbia harufu ya mpira unaoungua, akiniachia mimi kulowesha kisu na kukata hadi vidole vinakufa ganzi. Nilimjibu vibaya, naye akajibu vibaya zaidi. Mwaka mzima tumetukanana kupitia midomo ya watu wa boti.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja wa Ubwari, anataka kamba mpya. Viatu vyake vilikwishapanda hadi Minembwe na kurudi. Nikatafuta samaki, sikumwona. Miguu yake imemfuta kabisa. Nikamuuliza alivinunua kwa nani.

"Kwa baba yako," akasema. "Mi najua kwa kisigino. Angalia, kinalala kwa ndani. We pia unakata vile vile."

Nililia mbele ya mteja, Baba. Hata kamba nilishindwa kuifunga.

Jana nimempelekea Etabo chuma changu kwa watu wale wale wa boti. Samaki ni wake, achome hadi achoke. Viatu vyangu havina alama tena, na wateja wengine wamenung'unika wakaondoka. Sijui nitaishije. Lakini sina tena nguvu ya kugombana na mtu niliyekula naye sahani moja.

Pumzika, Baba. Njia ya Ubwari ikitulia nitakuja kupalilia kaburi lako. Kila kisigino nitakilaza kwa ndani, kama ulivyonionyesha. Na Etabo akirudi nyumbani, kama amesahau namna ya kukilaza, nitamfundisha.

Binti yako