Kondoo Katikati ya Harusi ya Watu

Kaka Elisante,

Nakuandikia nikiwa na hasira na sitaki kujifanya sina. Neema amelala, Godi katoka, Hepi yuko uani na vyombo, maharage yanajichemkia jikoni, na huu ndio muda pekee nilio nao wa kugombana na wewe. Ulipokuwa hai nilikuwa nikianza kukusema unacheka, unanipa mtoto nimshike, unaondoka. Leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Nianze na kondoo.

Unajua filamu yako ya utoto wetu umeiacha wapi? Kabati ulilonionyesha lina mikanda ya mwanzo tu, ile ya Godi akiigiza wewe mdogo, Hepi akiigiza mimi, wanapigania ndizi na kukimbia ng'ombe. Ile sehemu ya siku ya kipaimara umeiacha katikati ya harusi ya watu! Ulikuwa umepiga video ya harusi ya yule binti wa hapa Moshono, ukabakisha sherehe ya kuvunja kamati ya harusi. Mkanda ulikuwa bado na nafasi. Wewe ukaona, aah, ngoja nimpige Godi na kondoo humu humu, nitahamisha baadaye. Ukaenda ukapiga kamati ikivunjwa. Hiyo baadaye haikufika. Gari lilipinduka barabara ya Momela ukitoka kuwapiga picha maharusi wengine. Kamera haikupata hata mkwaruzo. Kila nikikumbuka hilo natamani kuirushia jiwe.

Bosi wako wa studio akawapa wenye harusi mkanda wao bila kuuangalia. Basi bibi harusi kakaa na wakwe zake, soda mkononi, wanaangalia. Kanisani, vizuri. Keki, vizuri. Mara Godi huyo, na suti ya kuazima, anakimbia kwenye migomba anamvuta kondoo! Mume wangu nyuma yake, kaigiza kuwa Baba, ana kisu, anaita "Kondoo! Kondoo wangu!" mpaka anateleza kwenye mavi ya ng'ombe anakaa chini. Na sauti yako nyuma ya kamera, Elisante, sauti yako imeshiba kabisa: "Hii ni hadithi ya kweli ya baba yangu." Halafu paa, kamati inavunjwa, watu wanacheza.

Nilidhani watakuja kudai. Wamekuja, ndiyo. Bibi harusi mwenyewe alinikuta sokoni na mimba yake, akanisimamisha na mchicha mkononi, akasema, "Mama Godi, pole sana na msiba. Samahani nikuulize, hivi yule kondoo alichinjwa?"

Kumbe wanauangalia kila Jumapili. Wamewaazima majirani. Majirani wamewaazima ndugu zao. Siku hizi kila mwenye televisheni anaona ni haki yake kujaza sebule watu, na hawana mikanda mingi, kwa hiyo Moshono nzima imekula keki ya harusi ile, na Moshono nzima inataka kujua habari za kondoo. Fundi cherehani kaniuliza. Mwalimu wa Hepi kaniuliza. Na mimi niwajibu nini? Kwamba kondoo aliyeigiza tulimla kwenye msiba wa aliyempiga picha? Ndiyo, ujue. Wajomba walimtoa zizini alfajiri bila kuuliza mtu. Godi alipomkosa alikuja kwangu na uso ambao sitausahau, na mimi nilikuwa na waombolezaji uani wanaosubiri chakula, nikamwambia nyamaza. Akanyamaza. Hakugusa nyama.

Lakini si hilo lililonikasirisha zaidi. Ni Baba.

Wewe ulijua vizuri kuliko mtu yeyote ile aibu ilivyomkaa. Mzee wa kanisa, mtoto wake wa kwanza, wewe, kapata kipaimara, wageni wamejaa, mjomba mkubwa wa Baba anasubiri kidari chake, na Baba anatoka migombani mikono mitupu kasema, "Kondoo amenishinda, katoroka." Nilikuwa mdogo nimeshika kuni, lakini nakumbuka Mama alivyogeuka akaanza kupakua loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, kwenye sahani zilizokuwa zimepangwa kwa ajili ya nyama. Na mjomba akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Mzee wa kanisa anashindwa na kondoo mmoja, kundi la Bwana ataliweza?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Hayo maneno yamemfuata Baba miaka yote, harusini, msibani, kila mahali penye nyama.

Sasa kwa ajili ya mkanda wako yakafufuka. Watoto wa njiani wakimwona wanateleza makusudi wanakaa chini. Mwanamke mmoja wa kwaya alimwuliza mlangoni mwa kanisa, akicheka, eti mzee, kondoo wako ulimpata? Jumapili iliyofuata Baba hakwenda. Na iliyofuata. Nikapanda nyumbani kwake nikamkuta amekaa, amevaa koti la ibada, hajatoka. Alisema tu, "Elisante alinipiga picha kabla sijafika mwisho." Akaniuliza kama nimeleta sukari.

Hapo ndipo nilipokukasirikia kweli. Kwa sababu mwisho uko, na ulinieleza wewe mwenyewe. Kondoo hakumtoroka Baba. Baba alikukuta kwenye migomba umemkumbatia, na yeye mwenyewe kwa mkono wake akafungua kamba. Akarudi kwa wageni akabeba aibu yako mgongoni kwake kama mzigo wa majani. Ulitaka filamu ichekeshe watu halafu iwaambie hivyo, iwe ndiyo njia yako ya kumwomba radhi. Vizuri. Sasa nani alikutuma upige kuanzia mwanzo kwenda mwisho kwa mpangilio, eti "kama maisha"? Ungeanza na mwisho! Nilikuuliza Baba alikwambia nini pale migombani, ukanijibu, "Utasikia kwenye filamu, dada, usiwe na haraka." Hukuandika popote. Yote kichwani, na kichwa umeondoka nacho.

Nikaamua tumalize. Usinipongeze, sikuwa na nguvu hizo. Nilitaka tu Baba aende kanisani.

Bosi wako alikubali nichukue kamera katikati ya wiki, kwa sababu Jumamosi ni za harusi, akanionyesha pa kubonyeza na akanionya mara nyingi kana kwamba nitaipikia. Betri tuliichaji kwa jirani maana kwetu mgao wa umeme ulikuwa umetukuta. Watoto walikuwa likizo. Nikampakia Neema mgongoni tukapanda nyumbani, na matatizo yakaanza moja moja.

Kwanza, Godi amekua. Ulimwacha suti inamfunika vidole, sasa mikono imetoka nje kama ya mtu anayefua. Vile viatu vya Baba ulivyomjazia majani makavu ya migomba ili visimtoke, sasa vinamtosha kabisa. Nikamwambia, weka majani hivyo hivyo. Akasema, "Mama, vinabana." Nikamwambia hata mjomba wako vilimbana, vaa. Na sauti, kaka! Anasema neno moja linaanza kama la mtoto linaishia kama la mchungaji. Watu wataona mlango mmoja anaingia kijana mfupi, mlango wa pili anatoka mrefu. Wacha waone. Ulitengeneza filamu ya utoto kwa kutumia watoto, ulitegemea nini?

Pili, kondoo. Yule alikuwa mweupe mwenye kichwa cheusi. Wa kuazima niliyempata, wa jirani aliyemtoa mnadani Oldonyo Sambu, ni wa kahawia na ana dharau. Nikachukua masizi ya sufuria nikampaka kichwa. Mwili nikampaka unga. Hepi alicheka mpaka akakaa chini, halafu akasema mimi huwa namkataza kuchezea unga. Nikamfukuza.

Tatu, mume wangu. Kuteleza anaweza, hilo Mungu kamjalia. Lakini huku mwisho nilimwambia tu, kaa karibu na Godi, mwonee huruma, fungua kamba. Yeye akaanza kulia. Si kulia kwa kawaida, ni kulia kwa mikanda ya Kihindi, mkono kifuani, anaita mbingu. "Mwanangu! Ee mwanangu!" Kondoo akaogopa akamkanyaga Godi. Neema mgongoni akaanza kulia naye. Nikazima kamera nikasema tuanze tena, na tena, na tena, na betri inakwisha, na mimi nilikuwa karibu kulala chini pale pale kwenye matope.

Ndipo nikasikia fimbo.

Baba alikuwa dirishani muda wote. Akatoka, koti la ibada mwilini, akapita kati ya migomba bila kuniangalia. Akamsimamia mkwe wake, "Baba Godi, toka hapo. Mimi sikulia. Nililia lini?" Mume wangu akasema, "Shikamoo mzee," akatoka mbio kuliko alivyowahi kutoka kazini. Baba akakaa pale kwenye kisiki. Godi kwa hofu akasahau yote niliyomfundisha, na yeye akasema, "Shikamoo Babu." Baba akamwambia, "Mimi si babu yako. Mimi ni baba yako, na wageni wananisubiri."

Nikabonyeza. Sijui kidole kilijuaje.

Kaka, sasa nimesikia. Godi alikuwa anataka kujitetea, na Baba akasema, "Vua viatu kwanza. Kesi baadaye." Akamvua mwenyewe. Akaanza kutoa majani ndani ya kiatu, polepole, anayaweka pembeni kana kwamba yatatumika tena. Akauliza, "Umempa jina huyu kondoo?" Godi akatikisa kichwa kwamba ndiyo. "Ukishampa jina mimi nitamchinjaje?" Halafu akasema, "Leo mchungaji amesema umekuwa mkubwa. Mkubwa hajifichi na kondoo. Mkubwa anakuja anasema, baba, huyu sitaki afe. Mimi ningekusikia." Godi, na ile sauti yake iliyovunjika vipande viwili, akauliza kitu ambacho sikumfundisha, "Na wageni?"

Baba akafungua kamba. Masizi yakamjaa mkononi, akajifuta kwenye koti la ibada, hakuangalia hata. "Wageni watanicheka mimi," akasema. "Mimi nina kifua. Wewe bado."

Kondoo wala hakukimbia. Alianza kula yale majani ya kiatu. Betri ikafa akiwa anatafuna.

Baba alibaki amekaa na Godi muda mrefu baada ya hapo. Nilimwambia tumemaliza, Baba, akasema amesikia, lakini hakuinuka. Sikuwasogelea. Nilikwenda jikoni nikasimama nyuma ya mlango, Neema akinivuta kitambaa, nikalia kama mume wangu. Uliyabeba maneno hayo tangu ukiwa na umri wa Godi, na mimi nilidhani wewe ni mtu wa mizaha tu. Nimekukasirikia kwa kutoniambia. Nimekukasirikia pia kwa sababu ungeniambia nisingeyasikia kutoka kwake.

Jumapili iliyopita Baba alikwenda ibadani. Yule wa kwaya alikuwa pale pale mlangoni, akafungua mdomo, na Baba akamwahi: "Njoo nyumbani Jumatatu ya Pasaka uje uone. Njoo na mjomba wangu kama bado anatembea." Aliyasema kwa sauti ili wote wasikie. Bibi harusi naye ameshaniambia watakuja na televisheni yao, yetu ni ndogo. Nimeazima deki ya kuchezea mkanda. Nani atawalisha watu wote hao sijui, lakini loshoro ni rahisi kupika.

Lala sasa, kaka yangu. Sitakudanganya kwamba hasira zimekwisha, maana kila nikisikia kamera ikinguruma nageuka nikidhani ni wewe, na si wewe, na nakasirika upya. Lakini sikudai kitu tena kuhusu Baba. Hilo limekwisha.

Na nikuahidi jambo moja. Hepi tangu siku ile ananifuata nyuma, anataka kushika kamera. Anasema mimi nilikata kichwa cha Babu kwenye picha mara mbili, na kweli nilikata. Nimemwambia vyombo kwanza. Amejibu "ndiyo Mama" na amenuna, anasugua sufuria kama anaitoboa. Akimaliza leo nitampeleka studio kwa bosi wako, nitakaa naye mlangoni mpaka wamkubalie afundishwe. Wakisema ni msichana, nitakaa. Wakisema bado mdogo, nitarudi naye kesho nikae tena. Kukaa mlangoni kwa watu nimekujifunza kwako, ulivyokaa pale pale mpaka wakakuajiri.

Neema ameamka. Kwaheri, Elisante.

Dada yako,
Mama Godi