Nafasi ya Aganze

Louisville, Februari 2015

Dada Sandrine,

Natumaini baridi ya Columbus haijawazidi nguvu wewe na Mama. Hapa South End mabasi bado yanachelewa, na Mjomba Marcellin ametutumia kutoka Buffalo picha ya gari lake likiwa limezama kwenye theluji.

Ofisi yetu, ile inayowaelekeza wazazi mahali pa kuacha watoto wakiwa kazini, inatafuta ithibati ya ubora. Wakaguzi wanataka kila mzazi aliyetupigia simu apigiwe tena, aulizwe kama mtoto alipata nafasi. Wanaosema Kiswahili nimepewa mimi.

Jana namba moja ilikuwa ya nyumbani kwako. Alipokea Mama. Nilisema kwa sauti ya ofisi, naye hakunitambua.

"Bon, dada, bado natafuta," alisema. "Aganze ana miaka mbili. Hapendaki kulala peke yake."

Mdogo wetu Aganze tulimzika kwenye kambi ya wakimbizi, Sandrine, na Mama mwenyewe ndiye aliyemvika soksi. Nilitaka kumwambia kuwa ni mimi, nikashindwa. Nikauliza swali lililofuata: nani atamchukua mtoto jioni?

Alicheka kidogo. "Dada yake, Gracieuse. Ule hachelewaki."

Je, ulijua kwamba anatupigia? Nakuja Jumamosi, tumpeleke kwa daktari.

Jana saa ya kutoka ilipofika nilivaa koti nikakimbia hadi kituoni, na basi lilipochelewa nililia kama mtu anayesubiriwa na mtoto mlangoni.

Mdogo wako,
Gracieuse